Chupa Ndogo ya Esansi

Butembo, Mususa
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Ninaomba barua hii ikukute ukiwa mzima, gari likiwa zima, na barabara ya Kasindi ikiwa imetulia. Huku kwetu tuko salama. Shangazi Amina anakusalimia sana. Mguu wake unamuuma wakati wa mvua tu, lakini mvua ya Butembo unaijua mwenyewe. Nyanya anaendeleaje? Na Jumaine, bado anakataa kula sombe? Mwambie dada yake anakula hata ndizi za Shangazi zisizo na chumvi, kwa sababu daktari alimkataza Shangazi chumvi na nyumba nzima tukakatazwa pamoja naye.

Nimeamua kuandika kwa sababu siku ile ulisema maneno yako na simu ikakatika, na nilipokupigia haikupokelewa. Labda ni rezo, mtandao ulikuwa mbaya. Kwenye barua mtu anaweza kufika mwisho wa maneno yake. Nimempa Phinées, dereva wako, akuletee. Ni yeye aliyekupelekea habari zangu mara ya kwanza, donc ni vizuri apeleke na upande wa pili.

Phinées alisema kweli, Baba. Aliniona Vuhovi kando ya barabara, mimi na rafiki yangu Joyeuse, tukifunga bidoni, dumu la kanyanga, nyuma ya pikipiki. Shangazi aliniambia jinsi alivyokueleza: "Muzee, mutoto yako iko nabeba pombe." Wewe ukasema binti wa Issaka, aliyekaa madrasa tangu akiwa mdogo, hawezi kwenda shule kusomea pombe, na kwamba safari yako ijayo ya Butembo utanichukua nirudi Beni, hivyo nifunge begi. Nimekusikia. Begi nimelifunga. Ninaomba tu ujue ile bidoni ilikuwa inakwenda wapi.

Mwalimu wetu wa kemia, Mwalimu Melchior, alitufundisha kwamba sukari ya ndizi zilizoiva ikichachuka inakuwa alkoli, na kwamba alkoli iliyochemshwa vizuri na mvuke wake kukusanywa inawaka bila moshi. Akasema ziko nchi ambazo magari yanatembea kwa alkoli ya miwa iliyochanganywa na petroli, hii esansi yetu. Sadrack, anayekaa nyuma yangu, akasema kumbe baba yake amekuwa gari miaka yote hii. Darasa lilicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Kisha akatuuliza esansi ya Butembo inatoka wapi. Tukajibu Kasindi, mpakani. Akauliza barabara ikifungwa inakuwaje. Hakuna asiyejua: pikipiki zinalala, bei inapanda, na mama mwenye uchungu wa kuzaa anapelekwa hospitali kwa miguu. Akasema ndizi za Vuhovi hazivuki mpaka wowote. Halafu akauliza nani atajaribu.

Nilinyoosha mkono kabla sijafikiri. Nilikuwa ninakufikiria wewe na mapipa yako ya esansi kwenye ile barabara. Joyeuse akanyoosha wa kwake kwa sababu mama yake, Mama Berthe, ndiye anayepika kanyanga ya ndizi kule Vuhovi. Tangu siku ile wavulana wananiita Mama Kanyanga. Nimezoea.

Mama Berthe ni Mkatoliki, mwanamke wa kimya mwenye mikono mikubwa. Tulipomwambia tunataka kanyanga ya kuchoma, siyo ya kunywa, alitutazama kama watu tuliopotea njia. Akasema watu wote wanamlaumu kwamba kanyanga yake inachoma sana, na leo wanafunzi wamekuja kulalamika kwamba haichomi vya kutosha. Alitupa ile ya kawaida. Tuliiwasha kwenye jiko dogo ambalo fundi wa Mususa alitutengenezea kwa makopo, ikawaka kidogo na kuzimika, kwa sababu ina maji mengi. Mama Berthe akaipika tena, halafu tena, kwa moto mdogo, akitupa ya kwanza na ya mwisho na kubakiza ya katikati. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya bidoni aliyoiona Phinées.

Tuliiwasha hapa uani kwa Shangazi. Baba, maharage yaliiva. Shangazi aligeuza sufuria chini juu, akapitisha kidole akitafuta masizi, akatazama kidole chake, akapitisha tena. Alisema tumemfanyia mchezo. Umuone Shangazi, ambaye kila asubuhi analia machozi juu ya mbabula, jiko lake la makaa, amekaa mbele ya jiko macho makavu na hajui afanye nini na kitambaa chake. Kitu kimoja kilitutisha: juani ule moto hauonekani. Alitaka kuweka mkono akidhani umezimika, nikamshika.

Kulikuwa na shida nyingine kubwa zaidi, ile uliyoiogopa wewe. Bidoni ilikaa kwenye stoo ya shule, na alkoli ikawa inapungua bila mtu kuwasha jiko. Mwalimu alisema lazima tuiharibie ladha ili mtu asiweze kuinywa. Mimi ndiye niliyetoa wazo la kenkina, yale maganda ya mti ambayo wafanyabiashara wa hapa wanayanunua kwa ajili ya dawa ya malaria. Hakuna kitu kichungu kuliko yale. Tuliloweka maganda ndani ya bidoni, tukafurahi.

Ikapungua mbio kuliko mwanzo. Mzee Kasika, mlinzi wa shule, alikutwa amelala kwenye kiti kikombe kikiwa mkononi. Alipoamshwa hakuona haya hata kidogo. Alimwambia mwalimu, "Hii haiko pombe, mwalimu. Iko dawa. Malaria yangu imeisha." Na kumbe alikuwa ameshawaambia majirani wawili wenye homa. Nilitamani kucheka na kulia. Nilikuwa nimechukua pombe nikaipa jina zuri, na hilo ndilo jambo ambalo ungenikataza.

Siku ile nilikaa nikifikiri ni kitu gani ambacho hakuna mtu wa Beni wala Butembo anayeweza kukiita dawa. Jibu lilikuwa harufu ya nyumbani kwetu. Nilimwomba Mwalimu Melchior tuweke esansi kidogo tu, kifuniko kimoja, tutikise. Tuliiweka. Mzee Kasika alinusa akarudisha kifuniko mwenyewe, akasema tumemuharibia dawa. Na tulipoiwasha, moto uliokuwa haupendi kuonekana ukapata rangi ya njano, sasa hata juani unauona. Esansi, Baba, ile ile unayoibeba wewe, ndiyo iliyoifanya isiwe pombe tena.

Shangazi hakuridhika na maneno ya mwalimu, akaenda kumuuliza sheikh. Sheikh alisema kileo hakinywewi, hakiuzwi, hakibebwi. Shangazi akamuuliza, na kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukinywa? Akaomba aletewe. Alinusa, akakunja uso. Mwishoni alisema mtoto ana baba, na baba yake anajua kubeba mafuta kuliko yeye. Neno hilo ni la baba yake. Kwa hiyo limerudi kwako.

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo limenifanya niandike kurasa hizi zote. Ninaomba ulisome ukiwa umekaa.

Unakumbuka Mama alipokuja huku baada ya Idi kumjulia hali Shangazi. Nilikuwa ninapika kwenye lile jiko, naye alisimama mlangoni na kukataa kukaribia. Nikadhani ni kwa sababu ya pombe. Nikamwambia aangalie kitu. Nilimwaga alkoli kidogo kwenye sahani ya bati, mbali na bidoni, nikaiwasha, nikampa kikombe kikubwa cha maji nikamwambia amwage. Alikataa. Nikamwambia, mwaga tu, Mama. Akamwaga akiwa ameangalia pembeni. Moto ukafa.

Aliinama akaangalia sahani kwa muda mrefu. Kisha akaniomba niuwashe tena. Akamwaga tena, safari hii akiwa ameangalia. Akaniomba tena. Shangazi alipotoka ndani alimkuta Mama amekaa chini uani, kikombe kitupu mkononi, anacheka na machozi yanatoka. Mama yangu mwenyewe, Baba, hajakaa chini hivyo tangu nilipokuwa mtoto.

Wakati moto ulipowaka dukani kwetu Beni, penye mapipa ya esansi, wewe ulikuwa umekwama Kasindi. Unajua kwamba majirani waliuzima kwa mchanga na kwamba Mama aliungua mkono. Lakini hukuona alichonisimulia Mama siku ile pale uani. Mama alimwaga beseni zima la maji, na moto haukufa. Esansi ilipanda juu ya maji, na maji yakaubeba moto mpaka mlangoni ambapo Jumaine alikuwa amesimama. Mama anaamini ni yeye aliyemtumia mtoto wake moto. Uliporudi ulishukuru Mungu kwamba wote ni wazima, na mapipa yakarudi kwenye chumba cha nyuma, kwa sababu tungeyaweka wapi.

Tangu wakati huo, mapipa yakijaa, anamchukua Jumaine wanakwenda kulala kwa Nyanya. Anakuambia ni kifua, kwamba harufu inamkaba. Wewe umemnunulia dawa ya kifua kila safari. Baba, siyo kifua. Anaogopa. Anaogopa ukuta ule mmoja uliopo kati ya mapipa na kitanda chenu. Aliniambia hawezi kukueleza, kwa sababu kazi hiyo ndiyo inatulisha wote, na mtu hawezi kumwambia mume wake kwamba chakula anacholeta kinamtisha.

Hakunituma niandike. Akijua atakasirika, na nitapokea hasira yake. Lakini niliona ni vibaya wewe uendelee kununua dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Sikuombi uache kazi yako. Mwalimu Melchior anasema itapita miaka mingi kabla gari kama lako halijatembea kwa alkoli. Lakini jiko la Mama linaweza kuanza sasa, na taa ya nyumba, na mapipa yanaweza kutafutiwa mahali mbali na mlango wa watoto. Na Mama Berthe anasema akipata mtu mwaminifu mwenye gari wa kumpelekea bidoni zake mjini, bidoni ambazo haziwezi kunyweka, hatapikia tena walevi. Sijamwambia jina la mtu yeyote.

Wasalimie Nyanya, Jumaine, na majirani wote wanaouliza habari zangu. Mama umsalimie kwa upole, kama unavyojua mwenyewe. Shangazi anasema ukija usilete ndizi, tunazo.

Na ukija, Baba, nakuomba kitu kimoja. Chukua esansi kutoka kwenye mapipa yako, kidogo tu, chupa ndogo inatosha. Nitakuwa nimeacha bidoni moja bila kuichanganya, imefungwa kwa ufunguo wa Shangazi, ili mkono wa kwanza kuwaharibia walevi uwe wako. Mwaga, utikise, uwashe, halafu chukua kikombe cha maji uzime. Nitasimama pembeni, begi likiwa miguuni pangu kama ulivyoagiza. Ukishazima, utasema mwenyewe kama liingie garini au lirudi chini ya kitanda.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,

Safi binti Issaka