Pete ya Doha na Kidole cha Mama Zawadi

Ijumaa. Baridi ya Julai imekaza, Ngara yote imevaa makoti, na mimi hapa kibandani natabasamu peke yangu kama mtu aliyeongezewa umri.

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kushukuru ovyo. Mimi ndiye wa kushukuriwa. Nimekanyaga Doha. Nimelinda jengo ambalo ukiangalia juu kofia inaanguka, nikarudi na Kiarabu cha kuombea maji na cha kugombania bei. Saa ikikufa Nairobi hii, niletee. Mshipi, hereni, bangili, niulize. Shule niliacha darasa la saba, na bado watu wenye digrii husimama hapa wakingoja niwatobolee shimo la mshipi.

Lakini leo nashukuru. Acha nikiri kwanza, ndipo shukrani ikae vizuri.

Niliporudi kutoka Doha, miaka tisa sasa, nilimletea bibi yangu Mama Zawadi pete ya ndoa. Nikaapa mbele ya shemeji zangu wote wa Bungoma kwamba ni dhahabu tupu. Haikuwa. Ilikuwa imechovywa tu, na yule aliyeniuzia hakunidanganya hata kidogo.

Mimi ndiye niliyedanganya.

Sasa, mtu wa biashara hii anajua kitu kilichochovywa hubabuka, kikaacha ukijani kidoleni. Kwa hivyo nikaanzisha kitu nilichokiita sevisi ya dhahabu. Kila mwisho wa mwezi namvua pete kwa heshima, naibeba hadi kibandani, naing'arisha, halafu ndani napaka ile rangi ya kucha inayong'aa kama maji. Ikikauka narudisha. Mama Zawadi alikuwa akiwaambia akina mama wa kanisa kwamba dhahabu ya Uarabuni hutunzwa hivyo. Mimi nakohoa, naangalia kando.

Baada ya Pasaka kazi ikanizidi. Nikaruka mwezi, nikaruka wa pili.

Kidole kikaanza kumwasha. Vikaja vipele vidogo vya maji, ngozi ikapasuka, wekundu ukahamia kidole cha jirani. Naye kazi yake ni ya mikono: yuko Kileleshwa kwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga, anaosha, anapika, anamlea yule mtoto. Wiki tatu zilizopita huyo mama aliuona mkono, akamwambia kwa upole asimshike mtoto kwanza hadi ijulikane ni kitu gani. Ilikuwa haki yake. Lakini kwetu tulijua maana yake. Yaya asiyeshika mtoto atabaki yaya hadi lini?

Nami nikasema nini? Nikasema ni sabuni. Nililisema kwa sauti ya mtu aliyekanyaga Doha. Tukabadilisha sabuni mara tatu, nikamnunulia glavu za mpira, na chini ya glavu pete ikabaki palepale, imefungiwa na jasho na povu. Hapa kibandani nimeona masikio mangapi yakitoa maji kwa sababu ya hereni? Nusu yangu ilijua. Nusu nyingine iliiziba mdomo.

Naye Mama Zawadi hata kuivua hakukubali. Kanisani kwetu, mama aliyekuwa na pete akionekana bila pete, kikundi cha akina mama humtembelea nyumbani kuuliza kama ndoa bado iko. Wanakuja na mkate na macho.

Yule mama wa Kileleshwa angeweza kutafuta mtu mwingine. Badala yake akamtafutia daktari wa ngozi hapa mjini, na Jumatatu nikampeleka. Daktari ni mama mwenye miwani, haongei sana. Akaugeuza ule mkono, akauliza kuhusu pete.

"Hiyo ni dhahabu safi, daktari," Mama Zawadi akasema, na nikamwona anakaa wima. "Mzee alinibebea mwenyewe kutoka Doha."

Daktari akasema kama ni dhahabu safi basi huenda si pete, dhahabu safi ni nadra kusumbua ngozi. Tuanze kwa kushuku sabuni na maji. Akasema itabidi apumzike kazi ya kuosha, labda miezi kadhaa.

Miezi. Hiyo kazi ingekuwa imeenda.

Nilitazama ukutani. Kulikuwa na picha ya ngozi imekatwa kama keki, tabaka kwa tabaka. Nikasema, "Daktari, si dhahabu."

Mama Zawadi hakugeuka. Nikaendelea mpaka mwisho: kuchovywa, rangi ya kucha, miezi miwili niliyoruka. Nikamaliza nikitokwa na jasho, na hiyo baridi yote.

Daktari hata hakunicheka. Akasema ndani ya vitu vya kuchovywa mara nyingi kuna madini yanayoitwa nikeli, na ngozi ya mtu inaweza kuikataa hata baada ya kuivumilia miaka. Hiyo ndiyo aleji, walioenda shule sana wanaita mzio. Rangi yangu ya kucha ilikuwa imemkinga bila mimi kujua, lakini kinga ya namna hiyo hubanduka kwa maji na jasho. Na mwili ukishaanza kuikataa nikeli huwa hausahau. Dawa kubwa ni kutoivaa tena, na pete ikavuliwa palepale. Ili awe na uhakika akambandika plasta ndogondogo mgongoni, kila moja na kitu chake, akamkataza kulowesha mgongo.

Tukashuka ngazi. Tulipofika barabarani Mama Zawadi akaniuliza.

"Baba Zawadi, kwa hivyo ulikuwa unapaka kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Miaka tisa?"

"Miaka tisa."

"Ungenitunza vile umetunza hiyo uongo, saa hii ningekuwa malkia."

Halafu siku tatu hakunisemesha. Sahani yangu ya ugali ilikuwa inawekwa mezani na kishindo. Nilikula, nikaosha vyombo mwenyewe. Watu wa Doha wangeniona!

Jumatano plasta zikatolewa, na leo asubuhi daktari akasoma mgongo mara ya mwisho. Ile ya nikeli imevimba nyekundu. Ya sabuni, hakuna. Ya mpira wa glavu, hakuna. Haiambukizi, mtoto hawezi kuipata. Mama wa Kileleshwa alipopigiwa simu akasema mafuta aliyoandikiwa yakishakausha vidonda, arudi, mtoto amemlilia. Mama Zawadi akakaa kwenye ukingo wa maua nje ya jengo, akalia kidogo, akacheka kidogo.

Kwa hivyo asante, daktari mwenye miwani. Asante, mama wa Kileleshwa, usiyenijua na uliyeokoa nyumba yangu.

Tangu saa tano niko hapa natenga bidhaa. Hereni ambazo sijui zimetengenezwa na nini zimeenda upande mmoja, na mteja nitamwambia sijui. Wewe unayesoma, ukiwashwa chini ya saa, chini ya kitovu palipo kifungo cha jinzi, au kwenye ndewe za masikio, usikimbilie kulaumu sabuni au chakula. Vua hicho kitu. Muwasho unaweza kuchelewa siku moja au mbili, ndiyo maana mtu hashuku. Tafuta dhahabu safi ya kweli au titani, ingiza shati katikati ya tumbo na chuma cha mshipi, na umwone daktari. Rangi ya kucha ni ya kuvukia siku, si ya kuishi nayo. Hiyo niamini, mimi ndiye bingwa.

Nilimwambia nitamtafutia dhahabu yenyewe. Akasema hataki pete sasa hivi, anataka kitu kingine: Jumapili akina mama wakimuuliza pete iko wapi, nitasimama mimi kueleza. Mbele ya wote, na shemeji mmoja akiwepo.

Nimekubali. Nitasimama.

Leo tulipokuwa tukivuka barabara kutoka kwa daktari nilimshika ule mkono mwingine, halafu upande wa pili nikabadilisha, nikashika huu wenye kidole kitupu, polepole, nisimuumize. Hakuutoa. Miaka tisa nikiushika mkono huo nilikuwa nakagua kama rangi imebabuka.

Kumbe una joto hivi?