Gololi ya Meneja

Jumatatu, 2 Machi

Tarehe imetoka! Alhamisi ya wiki ijayo. Kaka kanipigia akiwa bado kwenye korido ya hospitali. Daktari kasema tundu kwenye moyo wa Meneja linazibika, wasisubiri tena. Namshukuru Mungu. Mwaka mzima tumekaa roho juu.

Meneja mwenyewe – binti wa kaka, miaka saba, amri za miaka sabini – kasema haendi. Haendi ng'o! Haogopi kisu, anaogopa kulazwa usingizi. Wifi kambembeleza mpaka koo limemkauka. Ndipo mimi na domo langu hili nikaropoka: Shangazi atakutengenezea mtambo wa kutazama mpaka usingizi ukuchukue. Anazipenda sana zile video ninazotengeneza kwa kompyuta kazini, hiki kinagonga kile, kile kinaangusha kingine. Akafikiri. Akatoa sharti: nisidanganye. Kila kitu kisukumwe na mwenzake, mimi nisitie mkono.

Nimejifunga kamba mwenyewe.

Jumatano, 4 Machi

Kanichorea anavyotaka. Gololi, domino, kijiko, kandambili, gari la bati, mwisho kengele. Kandambili ya nini? "Basi tu."

Nimevichonga vyote kwenye kompyuta, kila kimoja nikakipa uzito wake, nikabonyeza. Kuanzia hapo kompyuta ndiyo inayopiga hesabu nani kamgonga nani na kaangukia wapi. Lo! Gololi inashuka kama imelewa. Domino zinalala polepole, moja moja, kama zina usingizi. Nikaongeza uzito – wapi! Nimeshinda nimeshika tama.

Mkongwe kapita nyuma yangu na kikombe chake. Huyu ndiye anayezitia mwanga picha zetu za kompyuta pale ofisini, aliianza kazi hii mimi sijui hata kushika kipanya. Kachungulia vipimo vyangu, kacheka mpaka kamwaga chai. Nimeandika mita badala ya sentimita! Gololi inanizidi kimo, domino ni kama maghorofa. Ghorofa likianguka, kwa mbali si lazima lionekane linajivuta? Nimecheka na mimi, ningefanyaje. Na hakumwambia mtu, Mungu ambariki.

Ijumaa, 6 Machi

Vipimo sawa. Mwendo sawa. Sasa gololi inapenya kijiko! Inapita katikati yake kama hakipo, inadondoka chini, mtambo unakufa hapo hapo. Nimejaribu mpaka nikaishiwa maarifa.

Basi nikachakachua. Nikakiinua kijiko kwa mkono wangu, nikairusha na gololi. Nani atajua? Jioni nikampelekea, nimejaa tele.

Katazama mpaka kwenye kijiko. "Shangazi, hapo umesukuma." Nikakana kabisa! Akarudisha nyuma, akaweka kidole: kijiko kimeanza kuinuka kabla gololi haijakigusa. Wifi akaangua kicheko – wifi huyu, akipata la kunicheka anashiba siku tatu. Lakini Meneja hakucheka. Kaniuliza, kama mimi namdanganya kwa kijiko tu, je, daktari akisema atamwamsha, amwaminije?

Nimemwomba msamaha, kama anavyoombwa mtu mzima. Kasema atafikiria. Hospitali nayo atafikiria.

Nimetembea mpaka nyumbani, nimejichukia njia nzima.

Jumapili, 8 Machi

Leo nimeona watu.

Kompyuta kubwa ya ofisini inatengeneza tangazo la sabuni, kila mtu anajua haiguswi. Nilimweleza bosi jana shida yangu, nikitarajia mahubiri. Kaguna tu. Leo asubuhi kaja mwenyewe na funguo, kasimamisha sabuni, kakaa pembeni na gazeti lake. Kaniambia kama kuna mtu wa kuulizwa, ni yeye. Bosi yule yule ninayemsema kila Jumatatu! Nimeona haya.

Mkongwe naye huyo, hakuitwa na mtu, mkate kwapani. Kanieleza gololi inapenyaje. Kompyuta haitazami muda wote, kasema. Inachungulia, inafumba macho, inachungulia tena. Gololi ina mbio, kijiko ni chembamba. Ikifumba, gololi iko upande huu. Ikifumbua, iko upande wa pili. Itajuaje kama viligongana? Dawa ni kuiamuru ichungulie mara nyingi zaidi, na hesabu hizo zinaielemea mashine yangu, zinataka ile kubwa.

Tukaiamuru. Tukala mkate mkavu, tunangoja. Na kijiko kikaruka! Chenyewe! Gololi ikaenda kuipiga kandambili kofi, kandambili ikalisukuma gari. Tumepiga kelele mpaka bosi kaangusha gazeti. Gari likaikosa kengele, likapita zake. Haidhuru. Na ukisogeza domino moja kule mwanzoni, huku mwisho kila kitu kinabadilika, kwa hiyo kazi bado ipo. Lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi ninao wawili.

Jumanne, 10 Machi

Imelia! Kengele imelia na sijatia mkono!

Nimempelekea mbio. Kataka kuona kijiko tu. Kakirudia, kakirudia, pua imegusa skrini. "Hapo sawa." Kafunga. Mengine atayaona Alhamisi, kasema, kisha kaenda kupanga nguo zake kwenye begi. Mwenyewe! Wifi kanikumbatia, sote machozi.

Alhamisi, 12 Machi

Korido. Naandikia magotini.

Waliniruhusu niingie naye mpaka kitandani. Daktari wa usingizi, mama mpole ajabu, kasema tableti yangu yenye mtambo aishike mwenyewe. Mtambo ukaanza. Meneja akawa anamfafanulia: "Hakuna anayesukuma hapo. Shangazi kaiachia gololi tu mwanzoni." Daktari akasema anaona. Kandambili ilipopiga kofi wakacheka wote wawili, na dawa ikiwa tayari inaingia. Macho yakaanza kumlegea. Gari likaondoka kuelekea kengele.

Akanyoosha kidole, akalisimamisha.

"Usimalizie, Shangazi. Nataka niisikie nikiamka."

Akalala.

Mkongwe katuma ujumbe, bosi kasema nisionekane ofisini wiki hii. Wauguzi wametuletea maji. Wifi kaniegemea begani, bega limekufa ganzi, sisogei. Watu wema wengi hivi, mimi nimewatendea nini? Naogopa sana.

Tableti iko mapajani. Skrini kila ikitaka kuzima naigusa pembeni, polepole, gari lisije likaondoka. Kaka anasimama, anakaa, anasimama. Sasa hivi kaja kuinama juu yangu, kauliza kimebaki nini hapo.

Nimemwambia kengele tu.