Mkono Wako Kwenye Ungo

Mama Neema, mwenzangu,

Kesho asubuhi Pendo, mwanafunzi wetu wa mwisho, anapanda basi kwenda Nairobi, akapige selo, hiyo fidla yetu kubwa, mbele ya walimu wa chuo cha muziki. Wakimkubali, watamsomesha. Wakimkataa, ataingia kiwandani kukata minofu ya sangara kama dada zake. Ameniuliza kama yuko tayari, nikamjibu kwamba yuko tayari. Kusema kweli sijui. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa uko chini ya udongo, na mimi nimebaki na miguu iliyovimba na moyo ambao daktari ameacha kuniahidi chochote juu yake.

Unakumbuka kivuko cha Kigongo, siku tuliyohama Sengerema kuja hapa Mabatini? Mpagazi aliliona sanduku la selo, akarudi nyuma.

"Mzee, samahani, humo kuna maiti?"

Ukajibu wewe kabla yangu. "Maiti gani! Huyo ni mke mwenzangu. Mbebe taratibu, akiamka vibaya mume wangu hali chakula."

Watu walicheka mpaka tukafika ng'ambo. Mimi niliona haya. Nilifundishwa selo na padri tangu utotoni, nikasomea Ulaya, nikapiga miaka mingi katika okestra ya watu wenye makoti meusi, na huko kote hakuna aliyewahi kuniambia kwamba chombo kinachokumbatiwa kwa magoti ni mke. Lakini jina lilibaki. Unyevu wa ziwa ukilegeza nyuzi, ulikuwa ukiniambia, "Mke mwenzangu leo kanuna, kambembeleze."

Kisha ikaja ile malaria ndefu, na kwinini zake zilizoniua masikio. Kwanza niliacha kusikia ndege. Baadaye maneno nayo yakaanza kupotea, mpaka mtu aniinamie sikio la kushoto na kupaza sauti. Selo ikawa ngurumo ya mbali, nyuzi zote sauti moja. Hukuniambia niache kufundisha. Ulileta kigoda chako, ukakaa karibu na mlango na ungo wa mchele mapajani. Masikio yako yaliyoongoza sauti ya pili ya kwaya kwa miaka yote ile ukanikopesha. Mwanafunzi akipiga sawasawa, mkono wako uliendelea kuchagua. Akikosea, mkono ulisimama. Ungo ukiinamia kwako, kidole kilikuwa chini ya sauti inayotakiwa. Ukiinamia kwangu, kilikuwa juu. Nami nilikunja uso nikasema, "Rudia hapo. Kidole kimeshuka."

Tuliishi hivyo, na niliamini ni siri yetu wawili.

Mabatini imebadilika tangu uondoke. Kila duka lina redio inayopigwa kwa nguvu. Sizisikii, lakini nikiegemea ukuta naona unatetemeka. Kwaya yetu imenunua kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe. Shule zimeacha kuniletea watoto. Amebaki Pendo peke yake, na kwa mwaka mzima kila alichopiga nimekiitikia kwa kichwa. Nimeitikia hata alipokuwa anatafuta tu mahali pa kuweka kidole.

Jana nilishindwa. Nilimshika mkono wenye upinde, nikamwambia, "Pendo, mimi sisikii."

Akaniinamia sikioni. "Najua, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Sote tulijua. Mama akisimamisha mkono tu, tulirekebisha kabla hujafungua mdomo. Wewe ulikuwa unachelewa."

Nilicheka, mama. Tulicheka wote, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia. Halafu akakitazama kigoda chako pale mlangoni, uso ukambadilika, akaniinamia tena.

"Sasa Mwalimu, nani ananisikia?"

Niliweka kiganja kwenye ubao wa selo, nikamwambia apige. Ubao ulitetemeka. Lakini wimbo mzuri na wimbo mbovu hutetemesha ubao vilevile. Ndipo nikautoa ungo wako ukutani, nikamimina mchele, nikakaa kwenye kigoda chako. Sikuwa na mpango wowote. Sikujua tu pengine pa kukaa. Pendo alianza upya, macho ameyakaza kwenye mkono wangu. Niliogopa kuusimamisha. Niliogopa na kuuendeleza. Mchele uliisha kuchaguliwa, nikauchanganya, nikauchagua tena, na yeye bado anapiga.

Alipomaliza aliniinamia, akauliza, "Iko sawa?"

Nikamwambia, "Iko sawa, mwanangu."

Leo jioni ameiweka selo sandukuni. Nimemwambia asiirudishe, hata wakimkataa. Kesho nitabaki na chumba kitupu na ungo. Neema anasema atakuja kunichukua nikakae kwake, nami nimemwitikia kwa kichwa, kama ninavyoitikia kila kitu siku hizi.

Kama huko uliko kuna kusikia, msikilize huyo mtoto. Akipiga sawasawa, usijishughulishe. Akikosea, simamisha mkono. Hatauona, najua. Simamisha tu.

Usije kunipokea mlangoni, kaa ulipo. Nakuja, ila taratibu, na safari hii pia nitakuwa nimechelewa.

Mumeo, asiyesikia,
Baba Neema