Bomba Uliloliziba kwa Nta

Dodoma, karibu na stesheni,
Jumanne, 16 Septemba 1913.

Mpendwa mdogo wangu Nikodemo,

Kabla sijakusalimu, inuka hapo ulipokaa uende bafuni kwa bwana wako. Usiwashe moto chini ya lile tangi la shaba la maji ya kuoga. Kama umeshawasha, vuta kuni zote kwa jembe uzifukie mchanga, na bomba uliloliziba kwa nta usiliguse mpaka tangi lipoe kabisa. Nenda, nakungoja.

Umerudi? Haya, sasa mbukwa, mdogo wangu. U hali gani, na kile kifua kimekuachia? Sisi ni wazima, uwele bado upo ghalani, na mwanangu Anyesi ameota meno mawili, kila kitu anakiuma, mimi nikiwamo. Najua nimekosa adabu. Kwetu hata mleta habari ya msiba husalimu kwanza. Unisamehe.

Barua yako imefika leo asubuhi kwa gari la moshi. Nilicheka sana uliposema umekuwa mkubwa wa maji ya moto huko Kilosa. Kisha nikafika pale unapojisifu: bwana wako yuko safarini hadi Ijumaa, nawe bomba jembamba la juu ya tangi, lililokuwa likidondosha maji, umeliziba kwa nta na kitambaa ili akirudi akusifu. Hapo hapo nikachukua kalamu. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana maandishi yamekaa kama kuku amepita. Wa kulia umeungua, na nilikuficha nisikutie wasiwasi.

Mwezi uliopita mama alikuja kutoka Mkonze kumwona mjukuu wake. Alikaa uani kwa Mdachi ninayemfulia nguo, akaliona bomba la tangi letu likitoa tone, tone, tone. Unamjua mama. Miaka arobaini amechimba mchanga wa mto kutafuta kibuyu kimoja cha maji, angevumiliaje? Siku mbili alilikingia bakuli, ya tatu akaliziba kwa nta ya mzinga wa baba. Hakuniambia, alitaka kunifurahisha. Nami asubuhi nikawasha moto kama kawaida bila kutazama juu.

Tangi likaanza kunguruma, ubavu ukavimba. Nilikuwa navuta kuni nta iliporuka, mvuke ukanichuna ngozi toka kiwiko hadi vidoleni. Anyesi alikuwa mgongoni kwa bibi yake, hatua tatu tu kutoka pale. Mzee Msafiri wa Kondoa, fundi wa reli, alikuja kutazama akasema tumepona kwa bahati. Pale kwenye bomba ndipo tangi linapopumulia. Ukipaziba, mvuke utapasua shaba yenyewe, na aliye karibu harudi nyumbani.

Basi sikiliza, mkubwa wa maji ya moto. Kila siku kabla ya kuwasha, hakikisha maji yamo na bomba liko wazi. Haya maji yetu ya chumvichumvi huacha utando mweupe mgumu, kwa hiyo kila mwezi ukwangue tangi likiwa baridi, upitishe na waya ndani ya bomba. Likikauka juu ya moto, usilitie maji baridi hata bwana akikufokea. Afadhali ufukuzwe kazi urudi kwetu ukiwa mzima.

Mama yuko hapa bado, na tangu siku ile hali chakula vizuri. Nilipomsomea barua yako aliutazama mkono wangu weee, kisha akasema, "Mwandikie ayaache maji yamwagike. Mwambie nimesema mimi mama yake."

Mimi sijawahi kumsikia akisema maji yaachwe yamwagike, wala wewe hujawahi.

Shemeji yako Bartolomayo anakusalimu, na shangazi Raheli wa Nzuguni pia. Barua hii naikimbiza stesheni mwenyewe iwahi gari la kesho. Mungu akucheleweshee bwana wako njiani, ifike kabla yake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Zipora