Manukato ya Fundi Cherehani

Shoga, leo nimeumbuka.

Nimeenda kwa yule fundi cherehani, mteja wangu wa manukato, kitabu cha bidhaa kwapani. Nakuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Nikajua kuna sherehe, leo nitauza. Nikajipulizia mkononi yale manukato anayoyapenda fundi, nikaingia nacheka: "Jamani warembo, nimewaletea mambo mapya."

Wote wamekaa chini.

Mmoja akaniambia taratibu, "Mama, tumefiwa. Fundi ametutoka jana."

Mjane mzima nimeshindwa kutambua nyumba ya msiba. Nimeingia msibani nacheka, shoga. Nacheka.

Nikageuka nitoke. Mama mzazi wa fundi akasema, "Mwacheni aje." Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akanishika mkono, akaunusa. Akaunusa tena.

"Ndivyo alivyokuwa ananukia mwanangu."

Hakuniachia mpaka alipopitiwa na usingizi.

Sasa nimerudi kwangu, adhuhuri imeingia, nimekaa mbele ya ndoo ya maji. Natakiwa nitawadhe. Mola anisamehe, shoga, mkono huu nashindwa kuutia maji.