Programu Iliyomngoja Wafula

Jumanne, Matisi, Kitale. Baridi ya mlima imeshuka na mvua haijaamua. Mimi pia niko hivyo hivyo.

Nahangaika na programu yetu ya kunasa pakiti, vile vipande vya data vinavyopita kwenye mtandao. Yetu, nasema, na Wafula niliyeiandika naye tulishamzika kwao Bungoma mwezi uliopita. Ulimi haujazoea.

Shida ni hii. Nikibonyeza Ctrl-C ili isimame, inasikia. Inajiwekea alama kwamba imeambiwa isimame. Halafu inarudi kulala, ati inangoja pakiti moja zaidi ndiyo iangalie hiyo alama. Pakiti isipokuja, inangoja tu. Mteja anaitaka Ijumaa, na nikiiua kwa nguvu inapoteza ilichonasa mwisho.

Naijaribia kwenye kile kisanduku chetu cha majaribio, kompyuta ndogo ambayo bado iko nyumbani kwa kina Wafula. Naingia kwa mtandao nikiwa hapa. Kichujio, mstari unaoiambia programu isikilize nani, ni kile alichoandika mwenyewe: sikiliza laptop ya Wafula peke yake. Zamani mimi nilikuwa nikibonyeza, yeye anatuma pakiti, tunacheka. Sikukibadilisha. Nilijiambia ni uvivu.

Leo asubuhi nimebonyeza, ikakwama kama kawaida, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi ilikuwa imesimama.

Pakiti ilikuwa imekuja.

Nikasoma anwani ya ilikotoka, nikarudia. Laptop ya Wafula. Bana, mimi ni mtu wa kanisa na wa kompyuta, lakini nilitoka nje nikasimama kwenye manyunyu na kikombe mkononi. Niliogopa, wacha niseme ukweli.

Kisha nikampigia mama yake. Nilitafuta namna nzuri ya kuuliza nikaikosa, nikauliza tu kama kuna mtu anatumia laptop ya marehemu.

“Ni mimi huiwasha asubuhi, mwanangu,” akasema. “Moto wa matanga mliuzima mkaenda makwenu. Mimi nilibaki na hiyo taa yake.”

Anaiwasha, anakaa nayo mpaka amalize chai, anaifunga, anaenda shambani. Hata neno la siri halijui. Lakini laptop ikiwaka tu, yenyewe inajiunga na mtandao na kutuma pakiti. Nilikuwa mmoja wa waliofagia yale majivu uani, tukiongea habari za gari la kurudi.

Mchana nimeirekebisha. Sasa ishara ya Ctrl-C ikifika, kungoja kunakatika, programu inaangalia alama yake, inahifadhi kila kitu, inasimama. Nimeijaribu, na imesimama papo hapo bila kumngoja mtu. Kazi safi, na imeniuma.

Kimebaki kitu kimoja, kutoa laptop ya Wafula kwenye kichujio. Ni mstari mmoja tu. Badala yake nimeiwasha programu tena, na sina chochote ninachojaribu.

Nitaufuta kesho, mama akishamaliza chai.