Kaburi la Evelio Ndani ya Mac Yangu

Jumanne, 5 Machi

Jumapili ni mimi na Evelio. Mshindi ndiye atakayekaa meza ya kwanza klabu yetu ya sataranji ikienda mashindano ya mkoa. Miaka yote hukaa yeye. Hufungua kwa kete ileile, hunimaliza kwa farasi yuleyule, kisha huniuliza kama nyumbani hawajambo. Safari hii — hapana! Meza ile naitaka.

Dawa ninayo. Flashi yenye michezo yote ya sataranji ya mkoa, na yake imo. Pia programu ya bure ya kuichambua. Ila ile iliyo tayari inaikataa Mac, kompyuta kuukuu aliyoniachia dada Nereida alipohama. Lazima niikompaili, yaani niijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Nimefungua folda, nikaipa jina: Kaburi la Evelio. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 6 Machi

Imegoma. Eti faili halipo. Lipo, naliona kwa macho yangu mawili! Nimeitukana Mac, nikamtukana na Nereida hukohuko Florida aliko. Umeme ukakatika. Nikaenda kupika maharage kwa makaa.

Alhamisi, 7 Machi

Kumbe ni zile nafasi kati ya maneno ya jina la folda! Mashine ikifika kwenye "Kaburi" inadhani njia imeishia hapo, Evelio haimwoni. Nimeyabananisha: KaburiLaEvelio. Ikaanza kwenda, mistari ikateremka, moyo wangu nao — umeme puu. Betri ya Mac ilikufa zamani.

Klabuni Evelio kaniuliza kama nimeshaandaa leso. Leso ya nini? Ya machozi ya Jumapili, bibie. Mdomo huo!

Jumamosi, 9 Machi

Mtaa mzima hauna umeme tangu asubuhi. Feni inazunguka nyumba moja tu: kwa Evelio. Fundi wa pikipiki za umeme, betri zimejaa hadi sebuleni. Mkewe, Zoraida, kaniona mlangoni nimeikumbatia Mac.

"Mwanangu, mbona umenuna hivyo? Njoo uchomeke kwetu!"

Niliona haya. Kidogo. Nikaenda.

Naandika mezani kwao. Programu inajikompaili kwa betri za adui. Evelio kaniletea kahawa kwa mkono wake, kauliza ninapika nini humo. Nikasema hesabu za duka la ushirika.

Ndipo nikakumbuka. Kila mstari unaandika njia nzima ya faili. KaburiLaEvelio. KaburiLaEvelio. Skrini nzima! Nimeweka kiwiko mbele. Skrini pana, kiwiko chembamba.

Kavaa miwani.

"Jirani, hilo duka la ushirika linanizika lini?"

Zoraida kacheka mpaka kashika ukuta. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nikamwaga yote: flashi, michezo yake, meza ya kwanza. Evelio kasikiliza huku mkono wake umeshika waya wangu pale kwenye plagi.

"Imebaki nyingi?"

Kidogo tu, nikasema. Nusura nimpigie magoti.

Kauachia! Kaingia chumbani, karudi na ubao, anapanga kete.

"Acha imalize kuchimba. Sisi tupige moja ya kupasha misuli."

Imekwisha! Dirisha limefunguka, zuri, halina hata kosa. Nimeingiza flashi, nimeandika jina lake. Michezo yake yote, tangu ujana wake, kete ya kwanza ni ileile ya mbele ya mfalme. Na tundu nimeliona! Hatua chache tu mbele, pale anapomtoa farasi wake mapema. Nimekuona, mzee! Nimeficha tabasamu kwenye kikombe.

Nainua macho. Evelio kashacheza. Kasukuma kete ya pembeni kabisa, ya mbele ya ngome. Nimeiuliza Mac ni mara ngapi amewahi kufungua hivyo. Sifuri.

Anapuliza kahawa yake taratibu. Anauliza kama leso nimekuja nayo, au Zoraida aniazime.